Nta Iliyoyeyuka

Niliondoka siku tatu tu. Narudi, inveta inayoendesha friji kwa umeme wa sola inapiga kelele, na kile kibati nilichokifunga mgongoni mwake, nilichokijaza nta ya nyuki, ni kitupu. Kimesuguliwa hadi kinang'aa. Nilikigusa kikaniunguza kidole.

"Shikamoo, baba." Hata ukiwa na hasira, mkwe husalimiwa kwanza.

"Marahaba, Gaudensia. Nimekusafishia. Nta yako ilikuwa imeharibika, imeyeyuka yote."

Kuyeyuka ndiyo kazi yake! Mchana inayeyuka ikimeza joto, usiku inaganda. Ndivyo inveta inavyovuka jua la saa nane bila kuzima, na friji la chanjo likabaki na ubaridi wake. Nilimweleza mara tatu. Mara zote tatu aliitikia kwa kichwa.

Na kesho Mogitu nzima inaniletea ng'ombe niwachanje.

"Nta iko wapi, baba?"

Alinyoosha fimbo kuelekea mzinga wake juu ya mti, uliokaa bila nyuki tangu mwaka jana.

"Nimeupaka wote ndani," alisema akitabasamu. "Hebu sikiliza."

Nilisikiliza. Nyuma yangu inveta ilinyamaza, na friji nalo. Mzinga ulikuwa unavuma.