Ampea Sita

Gari liliunganishwa kwenye chaja saa kumi na mbili jioni, na kwa dakika ishirini likavuta ampea thelathini na mbili bila kusita. Fundi alisimama gerejini mbele ya boksi la umeme, jicho moja kwenye skrini. Mikono yake ilikuwa ikiondoa vibanio vya plastiki na kufunga nyaya upya kwa uzi uliopakwa nta: mafundo mawili, kisha mzunguko mmoja wa kurudi nyuma.

"Plastiki ni ya kufungia mboga sokoni," alisema, akiiga sauti nzito.

Mwenye nyumba hakucheka. "Baba huyo. Hadi leo anasema hivyo."

Baba wa mwenye nyumba ndiye aliyemfundisha fundi kazi, hata fundo hilo la uzi, chuoni, miaka ishirini iliyopita. Sasa alikuwa kitandani ghorofani, figo zake zimekufa. Mara tatu kwa wiki alipelekwa kusafishwa damu, kilomita mia moja na sitini, na safari ilianza kabla ya alfajiri. Mwezi huu gari lilikuwa limeamka bila chaji mara mbili.

"Safari nyingine ni kesho," mwenye nyumba alisema. "Daktari amesema akikosa tena, hamalizi wiki."

Nyumba ilipewa ampea arobaini, basi. Pampu ya joto iliyopasha vyumba vyote ilifuata kipimajoto kidogo kisicho na waya, kilichopachikwa ukutani chumbani kwa mzee. Chumba kile kikipoa, pampu ilikula kwanza. Gari lilipata makombo.

Mke wa mwenye nyumba alipita mlangoni na bakuli la kauri lenye kifuniko. Mgonjwa hakuruhusiwa kunywa maji mengi, hivyo alimung'unya barafu.

"Napeleka barafu ya baba. Shemeji, nikuwekee chai?"

"Nikimaliza, shemeji."

Alipanda. Baada ya dakika mbili akashuka.

Skrini ilionyesha joto la chumba cha mzee: digrii ishirini na moja. Baada ya dakika tano, kumi na tatu. Baada ya kumi, nne. Nje, pampu iliguna, feni yake ikaanza kuvuma. Chaja ikashuka kutoka thelathini na mbili hadi sita. Kwa ampea sita, hadi alfajiri gari lingekuwa na umeme wa nusu ya njia.

"Umeona kwa macho yako," mwenye nyumba alisema taratibu. "Kapanda, kashuka, baridi imeingia. Anamfungulia baba dirisha."

"Nani?" Mke alikuwa amerudi na kikombe cha chai. "Mimi?"

"Kuna mwingine anayepanda huko jioni?"

"Nimempa barafu, nimemwekea mto vizuri. Hata hakutaka blanketi."

"Ulisema umechoka. Mbele ya dada yangu."

"Nilisema nimechoka, ndiyo. Wewe umewahi kumgeuza kitandani hata siku moja? Nimechoka. Sikusema afe."

"Kesho nikirudi nisikukute hapa."

Chai ilimwagika kidogo kwenye sakafu ya saruji. Hakuna aliyeifuta.

"Fundi, wewe lipe gari zamu ya kwanza," mwenye nyumba alisema. "Ni kubonyeza tu, si ndiyo?"

"Ni kubonyeza tu. Lakini kama kule kweli ni digrii nne, gari likitangulia mzee anaganda. Pampu ikitangulia, hafiki kliniki." Fundi alichukua tochi yake. "Skrini imesema nne. Haijasema nani. Ngoja nipande."

Alipofungua mlango wa chumba, joto lilimpiga usoni kama la tanuri la mikate. Dirisha lilikuwa limefungwa. Komeo lake lilikuwa limegandishwa na rangi ya zamani ambayo haikuwa na mkwaruzo. Ukutani, kando ya mto, palibaki kishikizo kitupu cha kipimajoto na skrubu mbili.

Mzee alilala kifua wazi, jasho likimtiririka shingoni.

"Mwalimu."

"Aa. Bwana Plastiki." Sauti ilikuwa imebaki nyembamba, lakini kejeli ilikuwa ile ile. "Umepima kwanza, au umeanza kwa kushuku watu?"

"Nimepima."

"Vizuri. Basi shuka ukanywe chai. Huku hakuna kazi."

Chini, kitu kizito kiliburutwa sakafuni, labda sanduku, na mwanamke akalia mara moja, kwa sauti fupi, kama aliyejibana kidole. Mzee alifumba macho.

Fundi alisogea hadi kwenye meza ya kando ya kitanda, akaweka mkono juu ya bakuli.

"Hilo liache, mwanangu."

Fundi aliinua kifuniko. Barafu haikuwa imeliwa. Katikati ya vipande vyake palikuwa na kifuko cha nailoni, na ndani ya kifuko kiboksi cheupe cha kipimajoto, kikavu. Mdomo wa kifuko ulikuwa umefungwa kwa uzi wa nta: mafundo mawili, kisha mzunguko mmoja wa kurudi nyuma.