Filimbi ya Mwanawema

Umeshawahi kuona mwalimu wa halaiki akitaniwa na wanafunzi wake?

Mimi nilimwona mwanangu Mwanawema, uwanja wa Gombani, akiwazoeza watoto kucheza kwa mistari kwa ajili ya Sikukuu ya Mapinduzi.

“Mwalimu, wewe kazi yako filimbi tu! Utepe wauweza?”

Alivua makubadhi, akashika kijiti chenye utepe mwekundu, akauzungusha. Miaka ishirini hakuugusa, tangu alipochumbiwa nikamtoa mstarini, nikaona si heshima tena, naye akapewa filimbi afundishe wenzake. Ncha ya utepe haikufika chini hata mara moja.

Watoto walipiga makofi. Yeye akaja nilipokaa, anahema, kijiti kingali mkononi.

“Mama,” akasema, “mie sikutaka filimbi. Nilitaka kucheza.”