Hodi kwa Kina Zuhura

Siku hizi mtoto akimtukana mwenzake mtandaoni, sheria inamtaka mzazi wake aende kuyasoma matusi hayo mbele ya aliyetukanwa. Nilipiga hodi kwa kina Zuhura nikiwa na simu ya mwanangu Shomari mkononi, hasira zimenipanda. Mtu mzima na heshima zangu, nidhalilishwe hivi kwa utani wa watoto?

Zuhura mwenyewe alifungua. Ana miaka kumi na minne.

"Shikamoo, mama. Karibu."

Akaniletea maji, akaketi kunisikiliza.

Nikasoma harakaharaka. Nilipofika kwenye mstari uliolikejeli kovu la moto shingoni mwake, nikauruka. Nikasoma uliofuata.

"Mama, umeruka mstari," akasema kwa upole, akaukariri wote.

Simu nilikuwa nayo mimi.