Jembe la Gofu

Mzee Shekilindi hakuwa na jiliwa la kubania vitu, hakuwa na drili, wala mabega ya ujana. Alikuwa na fimbo ya gofu ya zamani, yenye kichwa cha mti, na mpini mpya wa kaboni. Kama mpini usingekaa, mashindano ya Jumamosi angeyatazama tu.

Mpini ulikuwa mwembamba, ulicheza ndani ya tundu la kichwa.

“Zungushia kitambaa, kama jembe,” alisema mkewe, Bi Nasemba.

“Hii si jembe, mke wangu.”

“Ina kichwa, ina mpini. Basi ni nini?”

Mzee akauzungushia mpini kitambaa chenye gundi. Kesho yake alipiga. Mpira ukavuka uzio, ukapotelea kwenye mihogo.

Akaiandikia klabu ya gofu kuomba nafasi mashindanoni, na chini akaongeza: “Fundi wa fimbo: Bi Nasemba.” Akalamba bahasha, akaifunga, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta.