Jiko la Nani?

Siku hizi kitu cha nyumbani, jiko au mlango, hakikusikii ukikiamuru mpaka ukitaje pamoja na mwenyewe, na mwenyewe wa mwenyewe, hadi juu kabisa. Sikuwa na ugomvi na hilo, mpaka baba mkwe alipohamia kwetu kutoka Tukuyu na mume wangu, Ambakisye, akaiandikisha nyumba nzima kwa jina la mzee. Eti heshima.

Heshima! Kwetu Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe uso kwa uso, wala hatamki jina lake hata akikabwa koo.

"Jiko, zima!" nilisema maharage yalipoanza kukauka.

"Jiko la nani?" likauliza jiko.

"La nyumba hii."

"Nyumba ya nani?"

"Ya... yule mzee mrefu."

Maharage yakaungua.

Ambakisye akanirekodia jina la baba yake kwenye simu, ili simu ilitaje badala yangu. Nikawa napika huku nimeziba masikio, nabonyeza simu kwa kiwiko. Mzee naye, kila jina lake likilia, alikohoa kwa nguvu chumbani, ili sote tujifanye hatujasikia.

Tuliishi hivyo vizuri tu, hadi juzi niliporudi kutoka sokoni simu imeisha chaji.

"Mlango, fungua. Ni mimi, Atupele."

"Atupele wa nani?"

Kumbe nami nimeandikishwa, pamoja na masufuria.

"Wa Ambakisye."

"Ambakisye wa nani?"

Nikatua kikapu. Ambakisye yuko kazini, na mzee hawezi kunifungulia, maana tungeonana uso kwa uso.

Ndipo nikamsikia huko ndani ameanza kukohoa, kwa nguvu, mfululizo, ananisubiri nitaje.