Ufunguo Uliobaki Ukutani

Nyuma ya msimamizi wa mabweni ulibaki ufunguo mmoja tu kwenye msumari, umefungwa kitambaa chekundu. Binti hakuuondolea macho. Mama yake alishasema: bila kitanda chuoni, hakuna chuo.

Mjomba alikuwa bado anamhutubia msimamizi.

"Arbuni hairudishwi, sivyo? Na kile chuo kikubwa alichoomba kikimwita kesho? Mimi si mtu wa kukurupuka, dada yangu. Mvumilivu hula mbivu."

"Zikibaki," alisema msimamizi, bila kuinua kichwa.

Mjomba akacheka peke yake, huku akiupapasa mfuko wa shati wenye pesa alizotumiwa na mama yake binti. Wiki nzima alikuwa akizipapasa hivyo, kama kuku anayeatamia yai la plastiki.

Baba mmoja mwenye ndala, aliyesubiri nyuma yao na mwanawe, akapenyeza mkono na kuweka noti mezani. Msimamizi akazihesabu, akauangua ufunguo. Kitambaa chekundu kilipita karibu na pua ya mjomba.

"Si nilikwambia?" Mjomba alimgeukia binti. "Watu hawa hawaaminiki. Twende, nitakutafutia pa kulala."

Binti alimtazama, kuanzia viatu vinavyong'aa hadi mfuko uliotuna, kisha akanyoosha kiganja.

"Mjomba, lete pesa za mama."