Pini ya Aproni

Nilimkimbiza yule mtoto nyumba nzima huku nikicheka. Kwenye skrini niliona mikono miwili tu na kandambili. Nikambana chini ya meza, nikampiga mpaka akanyamaza.

"Mchezo wako mtamu, mwanangu," nikamwambia Edilson, aliyeutengeneza.

"Mtamu kwa nani? Hapo unaona kwa macho ya anayepiga. Ngoja sasa ujione."

Akabonyeza kitufe. Kamera ikarudi nyuma, ukatokea mgongo mnene wa mwanamke, aproni ya kijani, na kamba iliyokatika ikashikizwa kwa pini.

Nikapapasa kiunoni kwa vidole vyenye unga wa mikate ya arepa. Pini ilikuwepo.

"Mwanahizaya we! Nilikuwa nakufunza adabu!"

Akanisogezea kibodi.

"Endelea basi, Mama. Bado vyumba vitatu."